Tunanunua Chupa, Tunasahau Pua



Kuna mtu atauliza: mwenye lisansi ya agronomi anatafuta nini katika mambo ya marashi? Jibu ni fupi. Kabla ya kuwa chupa, marashi yalikuwa shamba. Waridi ni zao, karafuu ni zao, pachuli ni zao, vanila ni zao. Hata ile sehemu inayotoka kwa wakemia, mara nyingi ilianza kwa kuiga kitu kilichokuwa kinaota fasi fulani. Kwa hiyo nitasema kama mtu wa shamba, na nitasema wazi: sisi vijana wa Butembo, Beni na hapa kwetu tunapenda marashi sana, lakini tunayachagua vibaya. Tunayachagua kwa macho na kwa masikio. Pua, yenyewe inayohusika, tunaiacha nje ya butiki.

Tazama namna kijana ananunua kabla ya ndoa ya rafiki, ao kabla ya siku ya kupokea diplome. Anauliza maswali matatu. La kwanza: "Mama, hii ni ya nani?", maana yake ni jina gani limeandikwa juu. La pili: "Inabakiaka?" La tatu: "Bei ya mwisho ngapi?" Swali la nne, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, halisikiki hata siku moja: "Mimi mwenyewe, naipenda?" Mama wa duka hana kosa. Yeye anajibu kile anachoulizwa. Maswali ni yetu, na njo hayo nataka kuyapima hapa, moja kwa moja.

Jina

Butembo ni mji wa biashara. Kwa miaka mingi wakubwa wetu wamekuwa wakienda Dubai na Guangzhou na kurudisha kontena kupitia Mombasa mpaka Kasindi. Marashi yanafuata njia ile ile ya vitenge, viatu na simu. Ukifika mbele ya rafu ya butiki yoyote mjini, unakuta aina tatu, hata kama zote zinang'aa sawasawa.

Ya kwanza ni marashi ya asili ya kampuni kubwa za Ulaya. Hayo ni machache, na bei yake ni ya mtu mwenye mshahara wa kweli. Ya pili ni marashi ya nyumba za Falme za Kiarabu, kama Lattafa ao Armaf. Nyumba hizo mara nyingi zinafuata harufu iliyokwisha kupata sifa Ulaya, lakini zinaandika jina lao wenyewe juu ya chupa. Ya tatu ni bandia: mtu asiyejulikana ametengeneza kitu, kisha akabandika jina la Dior ao la Chanel.

Sasa tazama heshima tunayozipa. Kijana anaona haya kusema "navaa Lattafa", lakini anatembea kifua mbele na chupa ya dola tano iliyoandikwa "Dior". Hapo tumegeuza mambo juu chini. Ile ya pili ni kazi halali yenye mwenyewe anayejulikana. Ukiipenda, utaikuta tena mwaka ujao ikinukia vilevile. Ya tatu ni uongo hata siku inaponukia vizuri, na hakuna anayeweza kukuambia wametia nini ndani ya ile maji unayopuliza kwenye shingo. Anayenunua bandia amenunua herufi nne tu, na herufi hazinukii.

Nguvu

Swali la "inabakiaka?" lina maana kidogo, lakini tumelifanya mfalme. Kwetu marashi mazuri ni yale "yanayopiga", yale yanayoingia kanisani mbele ya mwenyewe na kubaki kwenye kiti akiisha kutoka.

Tuelewe kwanza kinachotokea. Harufu ni chembe ndogo zinazoruka kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye pua. Chembe nyepesi zinaruka haraka: limau, chungwa, mandarini, majani mabichi. Baada ya dakika 15 ao 20, nyingi zimekwisha kwenda. Kisha yanakuja ya katikati: maua, viungo, matunda. Mwisho yanabaki yale mazito: miti, vanila, miski, udi, mipira ya miti inayonata. Kwa hiyo chupa moja inakuwa na harufu tatu kwa zamu. Anayenusa kifuniko kwa sekunde tano na kulipa, amelipia ile zamu ya kwanza tu, ambayo itamkimbia kabla hajafika rond-point. Ni sawa na kununua shamba kwa kutazama maua yake.

Halafu kuna maandishi yenyewe ya chupa. Kwa kawaida eau de Cologne ina asilimia 2 mpaka 5 ya manukato ndani ya alkoli, eau de toilette kama 5 mpaka 15, eau de parfum kama 15 mpaka 20, na parfum kamili inapita hapo. Hicho ni kipimo cha wingi wa manukato, hakituambii kama ni mazuri. Eau de toilette ya limau inayodumu saa mbili haijashindwa kazi: limau njo tabia yake. Kuidai ibaki siku mbili ni kudai sombe iwe na mifupa.

Na kuna jambo la hali ya hewa ambalo mtu wa agronomi hawezi kunyamazia. Musienene tuko juu, asubuhi ni baridi na ukungu. Beni iko chini, joto linabana. Joto linarusha chembe haraka, baridi linazishika. Marashi mazito ya udi na mdalasini ambayo hapa Musienene saa mbili asubuhi yanakaa kimya kama blanketi, ukishuka nayo Beni saa saba mchana yanageuka moshi wa jikoni. Na ile ya limau na majani ambayo Beni inakuburudisha, hapa juu inaweza kupita bila mtu kuisikia. Kwa hiyo rafiki akikuambia "hii ni kali, nunua", umuulize kwanza: kali wapi, na saa ngapi?

Tatu zinazovaliwa sana

Kusema jumla ni rahisi. Ngoja nipime chupa ambazo wengi wetu tunazijua.

Sauvage ya Dior, iliyotoka 2015, njo mama wa bandia nyingi za wavulana. Inaanza na bergamoti na pilipili, kisha chini kuna kitu kikavu, safi, karibu kama nguo iliyopigwa pasi. Hicho kwa sehemu kubwa ni ambroksani, inayotengenezwa kutoka kwenye mmea wa jamii ya seji. Ni kazi nzuri, wazi, haifichi kitu. Kosa lake ni letu: kila mvulana anaivaa, ya kweli ao ya uongo, mpaka katika sherehe moja unashindwa kujua nani amepita. Kama unatafuta kuwa safi tu, inatosha. Kama unatafuta kuwa wewe, hapana.

Yara ya Lattafa, ile ya chupa ya pinki, imekamata madada wengi. Inafanana na maziwa yaliyotiwa stroberi: matunda, maua laini, vanila, miski. Inafurahisha, haina kiburi, na bei yake haivunji mtu. Lakini ni tamu tangu mwanzo mpaka mwisho, haigeuki. Ukiipuliza mara nane ndani ya taxi iliyofunga vioo, abiria watakuwa kama wamefungiwa ndani ya bonboni.

Khamrah, ya Lattafa vilevile, iliyotoka 2022, kwangu njo bora kati ya hizi. Ina mdalasini, tende, sukari iliyoungua, vanila. Ni harufu ya jikoni la sikukuu. Kwa baridi la Lubero na Musienene ni rafiki wa kweli, hasa jioni. Lakini mpulizo moja ao miwili, basi. Anayeivaa saa sita mchana Beni anajitesa, na anatesa wengine.

Unaona kwamba sikusema hii ni ya tajiri na ile ni ya maskini, ao hii ni ya mwanaume na ile ya mwanamke. Nimesema inafanya nini, fasi gani, saa gani, na inashindwa wapi. Hiyo tu njo kazi ya kuchagua, na kila mwenye pua anaweza kuifanya.

Kuchanganya

Sasa tumefika kwenye mtindo wa siku hizi: kupaka marashi mawili ao matatu pamoja ili upate harufu "yako peke yako". Wazo ni zuri. Namna tunavyolifanya njo mbaya. Kijana anachukua udi mzito, juu yake anapuliza nyingine tamu ya vanila, juu yake deodoranti ya duka, na chini kabisa kulikuwa sabuni yenye harufu na mafuta ya mwili yenye harufu. Tano! Kisha anasema amechanganya. Amemwaga tu.

Kila mtoto wa mkulima anajua kuchanganya mazao kunaendaje. Mahindi na maharagwe vinakaa pamoja vizuri kwa sababu havigombanii kitu kimoja: mahindi yanapanda juu, maharagwe yanafunika chini na kulisha udongo. Lakini panda mahindi na mtama katika mstari mmoja, vyote virefu, vyote vinatafuta jua lile lile: vitanyongana. Marashi ni vilevile. Kizito kimoja na chepesi kimoja wanasaidiana. Vizito viwili wanagombana mpaka unaumwa kichwa.

Kutoka hapo mimi nafuata kanuni nne. Moja: kila harufu uipende kwanza ikiwa peke yake, kwa sababu mbaya mbili hazizai nzuri. Mbili: moja iwe mkubwa, nyingine iwe msaidizi, ukipuliza mkubwa mara mbili, msaidizi mara moja inatosha. Tatu: ziwe na undugu fulani, kitu kimoja kinachopatikana katika zote mbili, kama vanila ao miski, kinachofanya daraja. Nne: nzito ikae chini, nyepesi ije juu, na afadhali zisipulizwe fasi moja. Moja kwenye ngozi, nyingine kwenye nguo.

Mifano ya kujaribu: Khamrah kidogo kwenye kifua, na eau de Cologne ya limau ao chungwa juu ya shati, utamu unapata hewa. Waridi na udi ni ndoa ya zamani sana ya Waarabu. Inafanya kazi kwa sababu waridi ina uchachu unaopasua uzito wa udi. Karafuu na vanila zinaelewana. Vanila juu ya vanila juu ya mafuta ya vanila haielewani na mtu, hiyo ni keki. Na tahadhari moja ya kiafya: usipake mafuta ya limau ao ya bergamoti yenyewe, yasiyochanganywa, kwenye ngozi kisha ukaenda kwenye jua. Yanaweza kuunguza na kuacha madoa meusi.

Wengi wanafikiri ujuzi huu wa kupanga harufu juu ya harufu ulitoka kwenye video za Ulaya. Hapana. Wanaosema Kiswahili wenzetu wa pwani wanaufanya tangu zamani, tena kwa adabu kubwa. Unguja na Pemba, nguo inafukizwa moshi wa udi kutoka kwenye chetezo. Ngozi inapakwa mafuta mazito ya manukato. Nywele zinapata asumini mbichi, ao mtu anavaa kikuba, kifungu kidogo cha maua na majani yanayonukia. Wageni wananyunyiziwa marashi ya waridi. Hesabu: moshi kwenye nguo, mafuta kwenye ngozi, ua mbichi kwenye kichwa. Vitu vitatu, lakini kila kimoja kina fasi yake na uzito wake. Hakuna kugombana. Huko Oman, ambako familia nyingi bado zinasema Kiswahili, kanzu ya wanaume ina kishada kidogo kwenye kola, na watu wanakitia manukato, karibu na pua lakini mbali na ngozi. Hiyo ni akili. Nguo inashika harufu kwa muda mrefu kuliko ngozi, na haina joto la kuigeuza.

Na tazama: Zanzibar ni nchi ya karafuu, Oman ni nchi ya ubani wa Dhofar. Watu hao wanapanga harufu vizuri kwa sababu wanaishi na mimea yenyewe. Wameinusa shambani kabla ya kuinusa kwenye chupa. Hapo ninafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Vanila yetu, pua ya nani?

Sisi pia ni watu wa mimea inayonukia. Eneo la Beni, na jirani zetu wa Ituri, wanalima vanila. Tuko na kahawa, tuko na kakao. Lakini uliza wasomi kumi kutoka Beni: ni wangapi wamekwisha kunusa ganda la vanila lililokaushwa vizuri? Wengi wanajua "vanila" kutoka kwenye chupa iliyotoka Dubai.

Na ile ya chupa, mara nyingi haikupita kwenye shamba lolote la vanila. Mwaka 1874 wakemia wawili wa Ujerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini kutoka kwenye utomvu wa msonobari. Mwaka 1889 nyumba ya Guerlain ya Paris ilitoa Jicky, moja ya marashi ya kwanza kutumia vanilini hiyo. Silaumu kemia, bila hiyo marashi yangekuwa ya wafalme tu. Nasema tu tujue tunachonusa. Vanilini ni sauti moja. Ganda la kweli ni kwaya nzima: kuna zabibu kavu ndani, ngozi, tumbaku, ubao, hata moshi kidogo.

Na jasho lililo ndani yake! Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu, na nje ya nchi zake za asili za Mexico na jirani zake linahitaji mkono wa mtu kulichavusha. Njia tunayotumia mpaka leo ilionyeshwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Kisha ganda linangoja karibu miezi tisa. Likiwa bichi, halinukii kitu. Harufu inazaliwa kwenye kazi ya kukausha: maji ya moto, kufunikwa litoe jasho, jua, kivuli, sanduku, miezi. Kilo tano ao sita za mabichi zinatoa kilo moja kavu.

Sasa fika siku ya soko. Nimekaa mara nyingi upande wa mkulima. Mnunuzi anafungua fungu, analeta puani, anakunja uso. "Hii imevunwa mapema. Hii ina moshi. Hii inaanza ukungu." Bei inashuka. Labda anasema kweli, labda anadanganya. Mkulima hawezi kujua, kwa sababu yeye hakuinusa kwa akili. Ana neno moja tu, "inanukia". Mwenye maneno kumi anampangia bei mwenye neno moja. Bei ya vanila inapanda na kushuka kama homa: mwaka 2018 kilo moja ya Madagascar ilipita dola 500, kisha ikaanguka. Huko juu sisi hatuna mkono. Lakini kwenye ile meza ya mnunuzi, pua yenye elimu ingeweza kubishana.

Kahawa imekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana. Kuna meza za kuonja ambako kahawa inapewa alama juu ya mia, na ikifika 80 inaingia kundi la kahawa bora na bei inabadilika. Wanaoonja wana gurudumu la maneno lililochapishwa: ua, limau, sukari nguru, karanga, udongo, mpira ulioungua. Vijana wa Kivu wamejifunza kukaa kwenye meza hizo. Hawakuzaliwa na pua za dhahabu. Walifundishwa kutaja.

Basi, ninapokataa namna yetu ya kununua marashi, sitetei anasa. Ni kitu kile kile. Kijana ambaye hawezi kusema juu ya chupa ya dola kumi "hii naipenda kwa sababu ya hili, ile siipendi kwa sababu ya lile", bila kungoja jina ao rafiki, atasema nini siku atakaposimama mbele ya mnunuzi na kilo hamsini za shangazi yake? Kuchagua kwa pua yako ni mazoezi ya bei nafuu ya kitu cha bei kali: kuwa na hukumu yako mwenyewe.

"Lakini tuko katika vita"

Nasikia mtu anayenijibu. Tangu 2014 Beni inazika watu. Jamaa wamekimbia vijiji, mashamba ya kakao yanavunwa na wasiopanda, na wewe unatuletea mambo ya waridi na udi? Swali ni la haki, na silijibu kwa mzaha. Ninajibu hivi: nenda katika nyumba zinazopokea jamaa waliokimbia. Mama aliyepoteza kila kitu, kitu cha kwanza anachoomba baada ya chakula ni sabuni. Anataka kurudi kuwa mtu. Kunukia ni katika heshima ya mwisho ambayo mtu anaiacha, na haihitaji feza nyingi. Ubaya ni pale heshima hiyo inapogeuzwa mashindano ya majina, mpaka mwanafunzi ambaye hajalipa minerval ananunua bandia ili asichekwe. Huyo amevunjiwa heshima mara mbili.

Na heshima inakwenda pande zote. Ukienda kumtazama mgonjwa, ukienda kwenye mahojiano ya kazi katika chumba kidogo, ukipanda taxi, usipige watu kwa marashi. Kuna wenye pumu, kuna wajawazito. Marashi yenye adabu yanasikiwa na anayekukumbatia, asiyekukumbatia hakuyaomba.

Namna ya kuanza bila feza

Wiki hii, kabla ya kununua chochote, nusa vitu vitano vya nyumbani: ganda la limau ulilolikamua kwa vidole, kahawa iliyokaangwa sasa hivi, jani la mkaratusi ulilolisugua, kasiksi kabla ya kunywa, na udongo wa bustani mvua ikianza. Kila kimoja kiandikie maneno matatu, na neno "nzuri" limekatazwa. Huo udongo usiudharau. Harufu yake inatoka kwa sehemu kubwa kwenye geosmini, inayotengenezwa na bakteria za ardhini, na katika mji wa Kannauj, India, watu wanaitega kutoka kwenye vigae vya udongo na kuiuza kama manukato. Kitu tunachokanyaga, wengine wanakitia kwenye chupa.

Ukienda butiki, nusa chupa tatu tu, zaidi ya hapo pua inachoka. Pulizia moja kwenye karatasi na moja ndani ya kiwiko, kisha toka. Ndiyo, toka! Mwambie mama wa duka kwa heshima: "Mama, nitarudi." Tembea, fanya kazi, panda mlima wako. Nusa baada ya nusu saa, nusa jioni. Kama jioni bado unapeleka mkono puani bila kujua, rudi ulipe. Kama umeisahau, umeokoa feza. Na kama rafiki atakuambia kwamba chupa hiyo si ya jina, muulize swali moja tu: funga macho, kisha uniambie inanukia nini.

Akishindwa kujibu, mpe ganda la limau aanze.